Tufe Dogo Nyuma ya Kasha

Mwaka 2004 mjomba alikuja likizo kutoka Toronto na begi la DVD halisi, bado zimo ndani ya nailoni. Tulijaa sebuleni, wakubwa kwenye makochi, watoto mkekani. Deki ikameza diski, ikaunguruma, kisha runinga ikaandika kwa Kiingereza kwamba diski hiyo si ya ukanda huu. Mjomba akaitoa, akaifuta kwa pindo la shati, akairudisha. Jibu likawa lile lile.

Diski ilikuwa nzima na deki ilikuwa nzima. Nyuma ya kasha palikuwa na picha ndogo ya tufe, ndani yake namba 1. Deki yetu ilikuwa ya namba 5.

Namba hizo ziliwekwa kwa matakwa ya makampuni makubwa ya filamu ya Hollywood wakati DVD ilipokuwa inaandaliwa kuingia sokoni, Japani mwishoni mwa 1996 na Marekani mwaka uliofuata. Zamani hizo filamu ilianza kuonyeshwa kwenye majumba ya sinema ya Marekani, na nchi nyingine zikaipata miezi kadhaa baadaye. Wenye filamu waliogopa DVD isije ikafika London au Sydney kabla ya sinema yenyewe, watu wakaacha kukata tiketi. Basi dunia ikakatwa vipande. Marekani na Kanada zikapewa 1, Ulaya Magharibi, Japani na Mashariki ya Kati 2, Australia na Amerika Kusini 4, China 6. Hata ndege na meli za abiria zilitengewa namba yao, 8. Sisi Watanzania tukawekwa 5, pamoja na India, Urusi na sehemu kubwa ya Afrika.

Aliyeichora ramani hiyo hakuzijua njia zetu. Mzigo wa soko la Kariakoo ulitoka Dubai, na Mzanzibari ana shangazi Muscat. Huko kote ni ukanda wa 2. Mtu alinunua filamu Dubai kwa pesa yake halali, akashuka Dar es Salaam siku hiyo hiyo, na diski ikamkatalia. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba diski ya kudurufu, ile ya kando ya barabara, kwa kawaida haikuwa na kizuizi chochote. Aliyefungiwa mlango ni yule aliyelipa bei kamili.

Wakubwa nao hawakupona. Mwaka 2009 Rais Barack Obama alimzawadia Waziri Mkuu wa Uingereza, Gordon Brown, DVD 25 za filamu za Kimarekani. Magazeti ya Uingereza yakaripoti kwamba zilikuwa za ukanda wa 1, zisizokubali kwenye deki za kwao.

Dawa ilikuwa ndani ya deki zenyewe. Viwanda vingi vilitengeneza mashine ya aina moja kwa dunia nzima, kisha vikaifunga kwa namba ya nchi inakopelekwa. Mwenye kujua tarakimu za siri aliifungua kwa rimoti tu. Makampuni ya filamu yakajibu mwaka 2000 kwa diski zilizoweza kuitambua deki inayokubali kanda zote kwa mpigo, zikaikataa. Ndiyo maana wajuzi walitafuta deki inayokuruhusu kuchagua namba moja moja kwa mkono.

Na ukanda peke yake haukutosha. Marekani na Kanada zilitumia mfumo wa picha wa NTSC. Kwetu ilikuwa PAL, kwa hiyo deki ilibidi iweze kubadilisha. Kuna pia umeme: mashine iliyotengenezwa kwa volti 120 pekee, ukiichomeka kwenye 230 za Tanzania bila transfoma, inaungua.

Deki yetu tuliipeleka kwa fundi Kariakoo. Alifungua mlango wa deki bila diski, akabonyeza rimoti mara chache, akaandika 1. Jioni diski ya mjomba ikakubali, lakini picha ilikuja nyeusi na nyeupe, ikipanda juu kama pazia linalovutwa. Binamu yangu akatafuta kwenye rimoti kitufe kilichoandikwa PAL, akakibonyeza. Picha ikatulia, rangi zikaingia, na mjomba akaomba taa izimwe.