Nyumba Bila Mlima

Makumbusho ya wazi, yaani yale ambayo nyumba zenyewe ndizo hazina, yalianzia kaskazini ya Ulaya. Mwaka 1881 Mfalme Oscar II aliagiza majengo ya kale ya Norway yakusanywe karibu na Oslo, mji ulioitwa Christiania zama hizo. Mwaka 1894 Hans Aall akaasisi Norsk Folkemuseum, ambayo baadaye iliurithi mkusanyo huo, pamoja na kanisa la mbao la Gol lililovunjwa kijijini kwake na kuundwa upya mjini. Norway ilikuwa bado chini ya mfalme mmoja na Sweden, na haikujitenga hadi 1905. Kwa hiyo kuzihifadhi nyumba za wakulima kulikuwa pia kudai utaifa.

Tanzania nayo, katika miaka ya mwanzo ya uhuru, ilijenga Kijiji cha Makumbusho kando ya Barabara ya Bagamoyo, Dar es Salaam. Humo msonge wa Wahaya umekaa jirani na tembe la Wagogo, na ngoma huchezwa kwa ajili ya wageni. Kazi hiyo ni njema, kwani kijana wa mjini huona alipotoka babu yake. Lakini nyumba iliyohamishwa huacha nyuma kitu kisichobebeka. Ukweli huo huonekana wazi zaidi Uluguru, milima iliyoupa mgongo mji wa Morogoro.

Mluguru huhesabu ukoo wake kwa mama, na ardhi nayo ilikuwa mali ya ukoo huo. Fito, udongo na nyasi za nyumba vilizeeka na kujengwa upya kila baada ya miaka. Kilichodumu ni mteremko: shamba, makaburi ya wazee, na haki ya mtu kulima pale walipolima wajomba zake. Hata mwali aliyetolewa ndani kwa ngoma ya mkole alikuwa akipokewa na ukoo wenye mahali pake.

Serikali ya kikoloni haikulielewa hilo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 iliwalazimisha wakulima kuchonga ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito, na palipokuwa na udongo mwembamba, ngazi zilifukia rutuba na kufukua udongo usiozaa. Watu waliingiwa na hofu kwamba ardhi yao ingechukuliwa. Mwezi Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, na mpango ule ukaachwa. Chama cha TANU, kilichoundwa mwaka mmoja kabla, kilipata wafuasi katika hasira hiyo.

Kumbukumbu hiyo haina ukuta wala paa, hivyo haipakiwi garini. Imo katika mteremko na katika simulizi za waliobaki kuulima.

Wala watu wa pwani si wageni wa habari hii. Wazaramo na Waluguru ni ndugu wa asili, na Mto Ruvu unaoshuka Uluguru huinywesha Dar es Salaam kabla ya kuingia baharini karibu na Bagamoyo. Msitu wa juu ukifyekwa, mfereji wa mjini hukauka. Kijiji cha Makumbusho kinaweza kumwonyesha mgeni nyumba. Lakini maji anayokunywa mgeni huyo mjini yanatoka kwenye makumbusho kubwa zaidi, ambayo bado watu wanaishi ndani yake.