Pete Miguuni mwa Ndege

Mwaka 1822, huko Klütz, Ujerumani, alipigwa korongo mweupe aliyekuwa na mshale wa Kiafrika shingoni. Kwa mshale huo Wazungu walipata ushahidi wa mahali aendako korongo wao wakati wa baridi. Na mletaji wa ushahidi alikuwa mwindaji wa Kiafrika asiyejulikana jina, ambaye bila shaka alitaka kitoweo tu. Mwaka 1899 mwalimu Hans Christian Mortensen wa Viborg, Denmark, alianza kuwavisha kwenzi pete zenye namba na anwani. Mbayuwayu aliyevishwa pete Uingereza mwezi Mei 1911 alikamatwa shambani Natal, Desemba 1912.

Kazi hiyo imefika karibu nasi. Tangu 1969, Ngulia katika Tsavo, Kenya, ndege watokao Ulaya na Asia hunaswa kwa nyavu nyakati za usiku wenye ukungu, wakivutwa na taa za hoteli. Huvishwa pete, nao huachwa waendelee kusini.

Sisi wa Songwe tu njiani mwao. Korongo hufuata nzige, na bonde la Rukwa ni mazalio mashuhuri ya nzige wekundu. Tunduma malori hungoja hati mpakani, ndege hawaulizwi. Lakini pete haisomeki angani. Sharti ikutwe na mtu, aghalabu mkulima. Naye akiisha kuikuta, anwani ya Ulaya kwake ni herufi tu, maadamu hakuna aliyemwambia kwamba jibu lake linangojwa.