Hattusili wa Kwanza: alishinda inchi za mbali, nyumba yake ikamshinda

Wengi wetu jina la Wahiti tulilisikia kwenyi Biblia tu. Ufalme wao ulikuwa kule ambako leo ni Uturuki, na Hattusili wa Kwanza, aliyetawala karibu mwaka 1650 mbele ya Yesu Kristo, ni kati ya wafalme wao wa kwanza. Makao yake makuu yalikuwa Hattusa.

Vita vyake aliviandikisha mwaka kwa mwaka. Mwaka wa pili alishuka Siria, akabomoa mji wa Alalah, uliokuwa chini ya ufalme wa Aleppo. Mwaka uliofuata alienda Arzawa, upande wa magharibi, kunyanganya ng'ombe na kondoo. Akiwa huko, Wahuri wakaingia kwa nyuma, inchi zote zikamgeuka. Hattusa peke yake ndiyo ilibaki. Na mambo haya ni yeye mwenyewe aliyekubali yaandikwe! Wafalme wa zamani hawakuzoea kusema walipopigwa.

Alirudisha inchi zake moja moja, kisha akavuka mto Efrati na kuchoma mji wa Hahhu. Alijisifu kwamba hata Sargon wa Akkad, aliyevuka mto huo zamani, hakuuchoma mji huo. Mfalme wa Hahhu akafungwa kwenyi gari avute kama mnyama. Wanawake watumwa wa pale wakatolewa kwenyi mawe ya kusagia, wakawekwa chini ya mungu-mke wa Jua wa Arinna.

Lakini nyumbani mambo yaliharibika. Mtoto wake Huzziya aliasi. Binti yake pia, kule Hattusa, na watu wakauawa. Mpwa wake, aliyechaguliwa kurithi kiti, akamtupa juu hakuwa na huruma, alikuwa akisikiliza maneno ya mama yake tu. Mama huyo, dada ya mfalme mwenyewe, Hattusili alimuita nyoka.

Akiwa mgonjwa mjini Kussara, alikusanya wakubwa wa inchi, akawaonyesha mrithi mpya: mjukuu wake Mursili, angali kijana. Mursili alibomoa Aleppo, akafika mpaka Babeli na kuiteka, karibu mwaka 1595. Aliporudi, shemeji yake Hantili akamuua na kukalia kiti. Mauaji ndani ya ukoo yakaendelea mpaka mfalme Telipinu alipoandika sheria: mtoto mwanaume wa mke mkubwa ndiye anarithi; akikosekana, wa mke wa pili; naye akikosekana, mume wa binti wa mke mkubwa.