Nani Aliamua Choo Kiwe na Urefu Huu?

Wasee, leo tunaongea choo. Cheka kwanza, ukimaliza urudi, kwa sababu hii stori ilianza na shosho yangu kukataa chai.

Shosho alikuja kuishi na sisi Rongai mwezi wa tatu, magoti yakiwa yamemlemea. Wiki ya kwanza tulidhani hapendi chai ya mathe. Anapewa kikombe, anakunywa nusu, anasema ameshiba. Maji ndio hagusi kabisa. Ni dadangu mdogo aliyeng'amua: shosho alikuwa anajinyima ili asiende choo. Chetu kilikuwa cha kuchuchumaa, kile mafundi wa Nairobi wanakiita tu "Asian", na kwa magoti yake kushuka ni kazi, kuinuka ndio vita. Hakuwa ametuambia. Angeanzaje? Mama wa miaka 78 akae chini aeleze wajukuu mambo ya choo?

Mathe akanituma. "Tafuta cha kukalia, kizuri, asiumie." Nikaingia duka moja Barabara ya Mombasa nikijua ni kazi ya nusu saa. Viti kama kumi, vyote vyeupe, vyote sawa machoni pangu. Halafu muuzaji akaniuliza: unataka urefu gani? Nikabaki nimemkodolea macho. Kwani choo kina saizi kama viatu?

Nikarudi nyumbani mikono mitupu, nikaanza kusoma. Na ndio nimekuja na maneno.

Kwanza tuondoe ujinga mmoja. Sisi vijana wa mtaa tunachukulia cha kuchuchumaa ni ushamba na cha kukalia ni uzungu. Historia haikubali. Kule Amarna, Misri, wachimbaji wa mambo ya kale walipata kiti cha choo kilichochongwa kwa jiwe la chokaa, cha zaidi ya miaka 3,300 iliyopita. Hiyo ni Afrika, na ni cha kukalia. Na hapa kwetu, nenda Gedi karibu na Malindi. James Kirkman alianza kuchimbua ule mji mwaka wa 1948, na kwenye nyumba za mawe kulikuwa na vyoo vya shimo ndani ya nyumba, na mahali pa kujiosha kando. Waswahili wa Gedi walikuwa wakichuchumaa, ndiyo, lakini faraghani, chini ya paa lao, na maji ya kutawaza karibu. Nani mshamba hapo?

Choo cha kuflashi kilikuja baadaye. Mwaka wa 1596 Mwingereza anaitwa John Harington aliandika kuhusu choo chake cha kusukumwa na maji, na malkia Elizabeth I, aliyekuwa mamake wa ubatizo, akawekewa kimoja. Hakikushika. Shida moja ilikuwa harufu: bomba lilikuwa wazi, kilichoenda chini kilirudi juu kama hewa. Iliwachukua karibu miaka 180 kupata dawa, na dawa yenyewe ni rahisi hadi inaudhi. Mwaka wa 1775 fundi wa saa kutoka Scotland, Alexander Cumming, alipata hataza ya choo chenye bomba lililopindwa mfano wa herufi S. Maji kidogo yanabaki kwenye pindo, yanaziba njia, harufu haipiti. Basi. Kila choo cha kuflashi ulichowahi kutumia kina hayo maji.

Shika hiyo S, tutairudia.

Karne iliyofuata Waingereza walipagawa na vyoo. Kwenye maonyesho makubwa ya London ya 1851, George Jennings aliweka vyoo vya kulipia, peni moja kila mtu, na zaidi ya watu 800,000 wakalipa. Shida ni kwamba uchafu wote ulikuwa unaishia mto Thames, na kiangazi cha 1858 mto ukanuka mpaka wabunge wakashindwa kukaa bungeni. Hapo ndio pesa za mitaro zilipatikana haraka. (Wanasiasa ni walewale. Ikiwafikia puani, bajeti inatokea.)

Sasa, urefu. Matajiri wa Ulaya zamani walikuwa na kiti cha mbao chenye tundu, na chombo ndani. Choo cha maji kilipokuja kikafichwa kwenye sanduku la mbao lilelile. Kisha miaka ya 1880 Thomas Twyford na wenzake wakaanza kutengeneza choo cha kauri cha kipande kimoja, kinachosimama chenyewe, rahisi kuosha. Mbao zikatoka. Mimi naona urefu wa kiti ulibaki vilevile kwa mazoea tu, hakuna aliyeuliza mwili unataka nini. Mtu aliyeuliza kwa makini alikuwa Alexander Kira wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na kitabu chake kilitoka 1966. Alipima watu, akasema wazi vyoo vya kisasa viko juu mno. Ukichuchumaa, msuli unaobana njia unalegea na njia inanyooka. Ukikaa kama uko ofisini, unabaki umejipinda.

Kwa hivyo cha zamani kilikuwa na akili. Lakini mwambie hivyo mtu ambaye magoti yamekataa.

Halafu kuna upande wa kwetu unaouma. Nairobi ilipokuwa changa, usafi uligeuzwa fimbo. Tauni ilipoingia soko la Wahindi mwaka wa 1902, soko lilichomwa. Mwaka wa 1913 serikali ya kikoloni ikamleta Profesa Simpson kuangalia mambo ya afya, na pendekezo lake kubwa likawa watu watengwe kwa rangi, kila mmoja na mtaa wake. Mabomba yakafuata ramani hiyo. Kwa Mzungu choo ndani ya nyumba, kwa mfanyakazi wa reli kule Muthurwa choo cha pamoja na majirani. Ukisikia fundi anasema "Asian" leo, hana ubaya, anataja bidhaa. Lakini mimi nikisikia choo kinaitwa kwa jina la watu, nakumbuka hiyo ramani.

Nirudi dukani. Safari ya pili nilikuwa nimejipanga. Muuzaji akanisukumia kile cha bei, kirefu, anasema ndicho cha starehe, wazee wanakipenda. Huo urefu una historia pia. Marekani ilipitisha sheria ya haki za watu wenye ulemavu mwaka wa 1990, na vipimo vya ujenzi vilivyofuata vikasema kiti kiwe kati ya sentimita 43 na 48 kutoka sakafuni, ili mtu wa kiti cha magurudumu ahamie bila kupanda wala kushuka. Kitu cha maana sana. Kisha wauzaji wakakichukua wakauzia kila mtu kama starehe. Mimi nilikuwa nimempima shosho, kutoka nyuma ya goti hadi chini, akiwa na malapa yake: sentimita 39. Akikalia cha 47 miguu inaning'inia, mapaja yanabanwa na ukingo, na akiteleza hana pa kukanyaga. Nikachukua cha 41, kifuniko kikiwemo. Cha bei ya chini, hata.

Maji nayo. Vyoo vingi vya zamani vilimeza lita 13 au zaidi kwa flashi moja. Sheria ya Marekani ya 1992, iliyoanza kazi 1994, ilishusha vipya hadi kama lita 6, na Waaustralia walikuwa tayari, tangu miaka ya 1980, na tangi la vitufe viwili, kidogo na kikubwa. Sisi Rongai tunanunua maji kwa mtungi wa lita 20. Piga hesabu mwenyewe: mtungi flashi moja na nusu, ama mtungi flashi tatu na chenji. Vitufe viwili, bila mjadala.

Nikiwa nalipa muuzaji akauliza, "S ama P?" Yaani bomba linatokea sakafuni ama ukutani. Ile S ya 1775, wasee, inaulizwa kwenye kaunta Mombasa Road! Yetu ni S. Usitoke nyumbani bila kuangalia hilo, na upime pia umbali kutoka ukutani hadi tundu, la sivyo fundi atakuvunjia sakafu mara mbili.

Fundi alimaliza Jumamosi. Vyuma vya kushikilia pande zote mbili nilichomelewa na jua kali wa hapa mtaani, kwa sababu kiti peke yake hakimuinui mtu. Shosho aliingia, akakaa muda mrefu hadi mathe akabisha mlango. "Niacheni," akajibu.

Jioni alimaliza chai, akaomba ya pili. Kile cha zamani fundi alikitoa kizima, kiko nje kando ya tangi la maji. Anayekitaka aje na mkokoteni.