Safu ya Baba: Kitabu cha Ubatizo na Aliyezaliwa Nje ya Ndoa

Mchungaji anayeandika jina la mtoto katika kitabu cha ubatizo, iwe Temeke au Kinondoni, hufanya kazi mbili kwa pamoja. Anathibitisha kwamba sakramenti imetolewa. Aidha, anawaachia ushahidi watu ambao hawajazaliwa bado. Katika makala hii tunakusudia kuichunguza hiyo kazi ya pili, na hasa nafasi moja ndogo iliyomo kitabuni, yaani safu ya jina la baba, pale ambapo wazazi hawakufunga ndoa. Tutaanza mbali, Uskoti, kwa kuwa huko historia ya safu hiyo inafahamika vizuri, na wazao wa Waskoti waliohamia ng'ambo wanaendelea kuitafuta hadi leo. Wala Waskoti si wageni kwetu. Wajerumani walipoondolewa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wamisionari wa Kiskoti waliokuwa Livingstonia ndio walioziangalia sharika za Misioni ya Berlin katika Nyanda za Juu Kusini, mpaka wenyewe waliporejea katika miaka ya 1920.

Baada ya Matengenezo ya mwaka 1560, kila usharika wa Uskoti uliongozwa na mchungaji pamoja na baraza la wazee. Baraza hilo lilikuwa mahakama hasa. Msichana asiyeolewa akionekana kuwa mjamzito aliitwa mbele yake na kuulizwa jina la mwanamume. Mwanamume naye aliitwa. Akikana, mashahidi walisikilizwa, na pengine aliapishwa. Akikiri, wote wawili walisimama mbele ya usharika Jumapili kadhaa wakikaripiwa, na faini waliyotoa ikaingia katika mfuko wa maskini. Karani aliandika yote. Hatuna haja ya kuusifu utaratibu huo. Mzigo wake ulimwelemea mwanamke kuliko mwanamume, maana tumbo halikanushiki.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni ule wa mshairi Robert Burns. Mwezi Mei 1785 mtumishi wa nyumbani aitwaye Elizabeth Paton alimzalia binti, ambaye alilelewa na mama yake Burns. Mwaka uliofuata Jean Armour, binti wa fundi mwashi wa Mauchline, akapata mimba yake. Kumbukumbu za baraza la Mauchline za mwezi Juni 1786 zina ungamo la Jean lililomtaja Burns kwa jina na kwa shamba alilokaa. Burns akakaripiwa hadharani Jumapili tatu. Wakati huo alikuwa akijiandaa kuhamia Jamaika, na alitaka cheti cha mchungaji kinachothibitisha kwamba hana mke. Safari haikufanyika. Watoto pacha wakazaliwa Septemba, na mwaka 1788 Kanisa likawatambua wawili hao kuwa mume na mke. Kwa sheria ya Uskoti, wazazi waliooana baadaye walimhalalisha mtoto aliyetangulia kuzaliwa, jambo ambalo Uingereza yenyewe haikulikubali mpaka mwaka 1926.

Tuzingatie hicho cheti. Mskoti aliyehama usharika alitazamiwa kubeba barua ya mchungaji inayoeleza mwenendo wake. Walio wengi walivuka bahari kwenda Kanada, Australia na Nyuzilandi, ambako mwaka 1848 wafuasi wa Kanisa Huru la Uskoti walianzisha makazi ya Otago. Mjane wa uongo, au mtoto aliyepewa jina la babu kana kwamba ni jina la baba, angeweza kuanza maisha mapya huko, na hakuna jirani aliyejua. Mzao wake anayeuliza leo hapati kitu katika nchi waliyohamia. Jibu limebaki katika kijiji walichokimbia.

Hata serikali ilipoanza kuandikisha vizazi vyote, tarehe 1 Januari 1855, daftari lake halikuziba pengo hilo. Jina la baba wa mtoto wa nje ya ndoa liliandikwa pale tu alipofika mwenyewe na kutia sahihi pamoja na mama. Vinginevyo safu iliachwa wazi, na neno la kuonyesha kwamba mtoto si halali likaongezwa. Neno hilo liliendelea kuandikwa hadi mwaka 1919. Ramsay MacDonald, aliyezaliwa Lossiemouth mwaka 1866, aliandikishwa kwa jina la ukoo la mama yake, Ramsay. Mwaka 1915, alipokuwa akipinga vita, gazeti la John Bull lilichapisha nakala ya cheti chake ili kumwaibisha. Mwaka 1924 akawa Waziri Mkuu wa Uingereza. Mwanawe, Malcolm, ndiye aliyekuwa gavana wa mwisho wa Kenya, mwaka 1963. Hivyo mjukuu wa mtumishi wa shamba asiyeolewa ndiye aliyekuwa gavana Kenya ilipojitawala chini ya Mzee Kenyatta.

Sasa turudi pwani. Kule Kisarawe, ambako mmisionari Greiner alifungua kituo mwaka 1892, miongoni mwa Wakristo wa kwanza walikuwamo watumwa waliokombolewa, wengi wao watoto. Kwa hao si safu ya baba tu iliyokuwa tatizo. Mama, ukoo na kijiji vilikuwa vimepotea pia. Tangu mwanzo, basi, vitabu vya eneo hili vimebeba watu ambao nasaba yao inaanzia kwenye ukurasa wa ubatizo.

Baadaye ukaja mji. Mwaka 1948 Dar es Salaam ilikuwa na watu 69,227. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728 katika mkoa mzima. Magomeni, Temeke na Kinondoni zilijaa watu waliotoka Kilimanjaro, Bukoba, Njombe na kwingineko, na Walutheri wao walikuja na barua za uhamisho, sawasawa na Waskoti wale. Lakini hawakukuta watu wenye desturi moja kuhusu mtoto. Kwa Mzaramo, mwenyeji wa pwani hii, ukoo hufuata upande wa mama. Mtoto ambaye baba yake hakutajwa anabaki na ukoo kamili. Kwa Mchaga au Mhaya ukoo hufuata baba, na safu ikiwa tupu mtoto hana kihamba wala kibanja cha kurithi upande huo. Sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba zilimruhusu mwanamume kumhalalisha mtoto kwa kumwoa mama, au kwa kulipa shilingi 100 kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Safu ileile, katika mtaa mmoja wa Temeke, ina uzito tofauti kwa nyumba mbili zinazopakana.

Katika sharika zetu nyingi mama asiyeolewa hutakiwa kurudi kundini kwanza, ndipo mtoto abatizwe. Baraza la wazee huketi, maswali huulizwa. Hapo tunafanana na Mauchline. Tofauti ni kwamba mara nyingi sisi tunachukua aibu na kuacha kumbukumbu: mwanamke anasimama mbele ya watu, lakini daftari la kikao halitunzwi. Tunathubutu kusema kwamba hilo ni baya kuliko la Waskoti. Kumbukumbu za mabaraza yao zimehifadhiwa Edinburgh, na tangu mwaka 2021 nyingi husomwa kwa intaneti na mtu yeyote aliye Otago au Toronto.

Je, tuandike basi kila jina tunalolisikia? La. Yaliyosemwa katika ungamo la siri hayaingii kitabuni, hata kama mjukuu atayahitaji baada ya miaka mia. Jina lililotajwa na mama peke yake laweza kumwangukia asiyehusika. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeipa mahakama, wala si baraza la wazee, uwezo wa kuamua nani ni baba, pamoja na kuagiza kipimo cha vinasaba. Lakini baba aliye tayari kukiri aitwe, atie sahihi yake mbele ya wazee, nasi tuandike. Asipokuwapo, safu iachwe wazi pasipo neno la kumhukumu mtoto. Mwinjili Mathayo aliwataja Tamari na mke wa Uria katika nasaba ya Bwana, wala hakuwaongezea sifa mbaya.

Tena safu ya mama isijazwe kwa haraka. Kuandika jina moja, «Maria», hakumsaidii mtu. Majina yake yote, ukoo, kijiji na usharika alikotoka vyatosha kumfikisha mtafutaji nyumbani kwa bibi yake, na kwa kawaida bibi anajua. Barua ya uhamisho aliyokuja nayo mama ina karibu yote hayo. Ibandikwe kitabuni, ukurasa ule ule wa mtoto.