CIDP: Ugonjwa Unaofanya Ngazi ya Mathree Ikushinde, Na Vile Hutibiwa

Ukipanda mathree ya Kangemi pale tao jioni, unajua hakuna kubembelezana. Konda anagonga bodi, gari inasonga, unaruka ndani. Sasa fikiria mguu umekataa kuinuka. Hujalewa, hujachoka. Mwezi jana zilikuwa ngazi za kwa keja, leo ni ngazi ya mathree. Kuna wasee CIDP iliwaanza hivyo tu, polepole.

CIDP ni nini?

Ni ugonjwa sugu ambapo kinga ya mwili inageuka na kushambulia neva zako mwenyewe. Chukulia neva ni waya wa stima: shaba ndani, plastiki nje. Hiyo plastiki inaitwa mayelini. Ikichunika, ujumbe wa ubongo unafika miguuni ukiwa umechelewa, ama haufiki kabisa. Ukikaa sana bila dawa, shaba yenyewe inaharibika, na hapo kurudi ni ngumu.

Madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, waliueleza kwa kina mwaka wa 1975. Hauambukizi, na si kurogwa. Ndugu yake, Guillain-Barré, hupiga haraka na kufika kilele ndani ya wiki 4. CIDP huendelea kwa zaidi ya wiki 8, ama inaenda na kurudi.

Dalili

- Udhaifu pande zote mbili: kuinuka kwa kiti, kupanda ngazi, ama kuinua mkono uchane nywele inakuwa kazi.
- Ganzi ama kuchomwachomwa kwa nyayo na vidole.
- Kuyumba, haswa stima zikipotea ama ukifunga macho.
- Daktari akigonga goti, mguu hauruki.

Hapa ndio wengi hupotea. Ganzi ya miguu inaweza kuletwa pia na sukari, pombe, HIV ama ukosefu wa vitamini B12. Kwa hivyo unaingia duka la dawa pale Kawangware, unapewa vitamini na za maumivu, miezi inayoyoma. Jiulize swali moja: udhaifu umezidi kuongezeka kwa miezi miwili? Kama ndio, omba rufaa ya daktari wa neva. Lakini ukishindwa kupumua ama kumeza, ama miguu ilegee ndani ya siku chache, kimbia hospitali siku hiyo hiyo.

Vipimo

Damu hupimwa kuondoa magonjwa mengine. Halafu kuna kipimo cha kasi ya neva, unapigwa vishoti vidogo vya stima, na wakati mwingine maji ya uti wa mgongo yanatolewa kuangalia protini. Hospitali kuu ya rufaa ya serikali ni Kenyatta, Upper Hill. Beba barua ya rufaa.

Matibabu

1. *Prednisoloni.* Ni steroidi ya bei nafuu. Inaweza kupandisha sukari na presha na kudhoofisha mifupa, kwa hivyo upimwe mara kwa mara. Usiiache ghafla hata ukijiskia fiti, inaweza kukuweka hatarini.
2. *Imunoglobulini kwa dripu.* Inatengenezwa kutoka plazma ya maelfu ya wachangiaji. Dozi ya kwanza huwa gramu 2 kwa kila kilo ya mwili, ikigawanywa siku 2 hadi 5. Msee wa kilo 70 anahitaji gramu 140, na hiyo ni doo mob. SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, so uliza hospitali italipa nini kabla dripu ianze.
3. *Kubadilisha plazma.* Mashine inatoa plazma yenye kingamwili zinazokushambulia.

Wengi hupata nafuu kwa mojawapo ya hizi tatu.

Kuishi nayo

Mazoezi ya fiziotherapia yasikose. Kagua nyayo kila jioni, kwa sababu ganzi huficha vidonda. Kwa mathree, ngoja gari isimame, mwambie konda mapema, usione haya. Ulemavu ukibaki, unaweza kupimwa hospitali ya serikali na kujisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ofisi ziko Waiyaki Way, Westlands, karibu na ABC Place.

Na kama kuna mtu kwenu ameanza kushika ukuta akitembea, usimcheke. Mpeleke akapimwe kabla shaba iungue.