Mkokoteni na Kanuni za Mwendo

Jina la Kariakoo lilizaliwa na mizigo. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, waliwaweka mahali hapo wapagazi wa jeshi lao, kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Ulimi wa wenyeji ukalifinyanga jina hilo likawa Kariakoo. Vita viliisha, soko likasimama, lakini kazi ya kubeba na kusukuma haikuondoka. Hata leo apitaye mitaa ya Msimbazi na Kongo huona mikokoteni ikipenya baina ya watu na magari.

Mkokoteni una mafunzo makubwa kwa mwanafunzi wa fizikia. Uliosheheni magunia ni mgumu kuuondoa mahali ulipo, na ukishashika mwendo ni mgumu kuusimamisha. Msukumaji ayajua hayo kwa mabega yake. Walakini mkokoteni huo huo huweza kumpotosha mtazamaji, kwani usiposukumwa husimama. Naye hukata shauri kwamba hapana mwendo pasipo msukumo. Hivyo ndivyo alivyofundisha Aristotle, na wanachuoni wengi wakamfuata kwa karne nyingi. Isaac Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1687, alieleza kinyume: kitu kilicho mwendoni huendelea kwa kasi ile ile, katika mstari ulionyooka, isipokuwa kani ikigeuze. Kinachousimamisha mkokoteni ni msuguano.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Katika mazungumzo ya kila siku twasema mtu ana nguvu, dawa ina nguvu, serikali ina nguvu. Fizikia haikubali ulegevu huo. Kwa hiyo wataalamu walilichukua neno la kale, kani, wakaliwekea mpaka: msukumo au mvuto unaoweza kubadili mwendo wa kitu au umbo lake. Kadhalika mchapuko ukawa kadiri ya mabadiliko ya kasi kwa wakati, na tungamo ikatengwa na uzito.

Kazi hiyo ilifanywa mjini humu. Chuo Kikuu kilianza mwaka 1961 katika jengo lililo Mtaa wa Lumumba, karibu na Kariakoo. Mwaka 1964 kikaundwa chuo cha kuchunguza Kiswahili, ambacho baadaye kiligeuka kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Taasisi hiyo ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990.

Maneno yakapatikana, darasa halikupatikana. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza kiingie na sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya mwaka 2014 ilifungua mlango tena, lakini Kiingereza kimebaki lugha ya kufundishia na ya mitihani ya fizikia. Basi mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hukutana na Newton na Kiingereza kwa wakati mmoja. Akikosa jibu, ni vigumu kujua kilichomshinda ni kani au ni sentensi.

Yasemwa kwamba vitabu vya sayansi vimeandikwa kwa Kiingereza, na hilo ni kweli. Lakini tukumbuke kwamba Newton mwenyewe aliandika kitabu chake kwa Kilatini. Waingereza walikipata chote kwa lugha yao mwaka 1729, kilipofasiriwa na Andrew Motte. Galileo naye, katika kitabu chake cha mwaka 1638 juu ya mwendo, alitoa hesabu zake kwa Kilatini, lakini mazungumzo yake aliyaandika kwa Kitaliano, akaanza kwa kuwasifu mafundi wa karakana ya meli ya Venice. Elimu yake haikupungua kwa kusemwa na mafundi.

Nasi tunao mafundi wetu. Mwalimu na amwulize mwanafunzi, kwa Kiswahili, kwa nini mkokoteni husimama, amsikilize mpaka mwisho, kisha ampe kanuni na Kiingereza chake. Na mtihani umruhusu kujibu kwa lugha aliyofikiria. Hapo ndipo tutakapojua ni wangapi waliokuwa wakiifahamu fizikia siku zote, nasi tukawahesabu miongoni mwa walioshindwa.